Chupa Iliyoota Kutu Dirishani

Jumanne usiku

Leo kilabuni nimeapa kwamba maji mekundu ya pale penye tanuru la zamani la chuma ni damu ya wahunzi wetu wa kale. Nimeahidi kesho kuwapelekea wenzangu chupa ya maji hayo waione.

Nyumbani Vero, mpwa wangu mwalimu wa sayansi, akacheka. "Mjomba, ni vidudu. Vinakula mwanga na chuma kilichoyeyuka majini, vinaacha kutu. Hewa ya kuvuta havitoi, si kama mimea."

Mwezi uliopita alijaza maji ya pale, yanapochipuka yakiwa bado meupe, katika chupa mbili, hizi za maji ya dukani za siku hizi, akaziba kwa nta; moja akaifungia sandukuni gizani, moja akaiweka dirishani. Ya sandukuni bado nyeupe. Ya dirishani imeota kutu.

Kitu kinakula mwanga halafu hakirudishi pumzi! Mimi niliyempiga simba kibao kule Kasanga, nimeshindwa hata kuigusa.

Nimeitupia blanketi langu, vidudu visile mwanga. Natetemeka kwa baridi, na naomba jua lichelewe.