Majina ya Ng'ombe Ninayo Mimi

Highview, Louisville

Mudogo wangu Daniel,

Nakusalimia kwa jina la Bwana, wewe na muke wako na kile kikohozi chako, kama bado mnakaa pamoja. Je, ng'ombe wamepata mvua? Mimi huku niko muzima kuliko vijana. Jana nilipanda ngazi zote za nyumba yetu bila kusimama, na wao wanapumzika katikati.

Nakuandikia kwa mukono wangu, polepole, kwa herufi zile nilizookoteza kwenye Biblia. Voice ya simu situmi, wajukuu wanasikiliza kila kitu. Pastori kijana anayekuja huko atakuletea karatasi hii.

Bon. Neema, binti wa Amosi wangu, ameposwa. Wakwe wanatoka Buffalo, ni watu wa kwetu, wa mulima wa pili. Watakuja hapa tuwaombe ng'ombe wa mahari. Ng'ombe wenyewe hawatakuwapo, patakuwa na parking tu na bahasha, lakini ni lazima musemaji wetu awaite kwa majina, na mama zao, na bibi zao, ndipo ijulikane binti ametoka kwa watu. Nani katika Amerika yote anajua majina hayo kama mimi? Hakuna. Lakini Amosi, mutoto niliyemubeba mugongoni tukikimbia, ananiambia, "Baba, tumemuomba Baba Yosia wa Columbus."

Yosia. Mutoto wa baba mudogo. Yule aliyeogopa hata ndama.

Sababu ni video. Huku kila jimbo lina bunge lake, na kule Columbus walikuwa wanabishania sheria ya pesa za shule, kwamba zigawanywe kwa haki, mutoto wa mutaa maskini apate vitabu na mwalimu kama yule wa mutaa wa matajiri. Raia wanaruhusiwa kwenda kusema. Yosia akaenda na koti la bluu, binti yake akamutafsiria. Video ikazunguka kwenye simu zote mpaka Buffalo. Wajukuu wangu waliitazama chakula kikipoa. Mimi niliitazama mara moja, peke yangu, sauti nimeizima. Niliona koti limemubana.

Donc nakuomba wewe uliyebaki mulimani, tuma neno kwa Amosi: musemaji ni mukubwa wa nyumba. Neno lako watalisikia.

Lakini kuna habari nyingine itakufikia, basi uipate kwangu kabla hawajaiongezea chumvi. Tulikutana kwa Amosi, kule Shively, kupanga mambo ya harusi. Wazee wa kanisa walikuja, na Yosia akatoka Columbus. Nilitaka waone mwenyeji ni nani. Dukani karibu na kwangu nikaona makopo baridi yamechorwa jani la kijani, vidole saba. Nikajua: sombe, majani yetu ya muhogo. Nikasema Wamarekani wamepata akili, wametengeneza jusi ya sombe. Nikanunua katoni mbili. Wazee walikunywa, wakanishukuru. Baada ya saa moja shemasi anacheka katikati ya maombi, na muzee mwingine anarudia amina mpaka tukamushika mukono. Neema akachukua kopo, akasoma.

"Babu, hii si sombe. Ni bangi."

Si ile kali, alisema. Ni ile pole wanayoita hempu, sheria inaikubali. Sawa, na kanisa je? Yosia alikuwa amekunywa mawili. Aliniangalia tu kwa huruma, na huruma hiyo iliniuma kuliko matusi. Amosi akasema mbele ya wote: "Mutu aliyenywesha kanisa bangi hatatuombea ng'ombe."

Barua niliiachia hapo juma lililopita. Sifuti nilichoandika, karatasi ni yangu.

Neema aliniambia bunge la Kentucky nalo linapanga sheria ya vinywaji hivyo, viuzwe wapi na kwa nani. Nikamuambia, nipeleke. Kama Yosia amesema Columbus, mimi nitasema Frankfort. Nilivaa koti pana, Neema akanitafsiria. Nilisema vizuri sana, uliza yeyote. Niliwaambia makopo hayo yakae mbali na jusi, nyuma ya muuzaji, anayeyataka aombe kwa mudomo, maana sisi jani hilo tumelijua maisha yote kama mboga. Mama mumoja wa bunge akauliza kwa heshima, kwa nini sikusoma maandishi.

Nilitaka kusingizia macho. Mudomo ukasema kweli. Nikasema babu yetu aliuza ng'ombe mumoja, akapata nafasi ya mutoto mumoja shuleni. Alimuchagua Yosia, kwa sababu mimi nilijua ng'ombe na yeye aliwaogopa. Nilimusindikiza mpaka mulangoni, nimemubebea kitabu, nikarudi malishoni.

Neema hakutafsiri. Nilipomugeukia alikuwa analia. Ndani ya gari akafungua ile video, na sauti. Yosia anasema: "Tulikuwa watoto wawili. Mwenye akili aliachwa achunge ng'ombe, mimi nikapewa shule. Mpaka leo sijui nimuombe musamaha namna gani."

Niliitazama mpaka mwisho. Halafu nikasema koti lilimubana kweli. Mimi niliposema Frankfort, hakuna aliyechukua video.

Donc usitume neno kwa Amosi. Nimemupigia Yosia mwenyewe. Alisema "Yaya," kama alivyoniita utotoni, mimi mukubwa wake. Nikamuambia: utasimama wewe, lakini wewe hujui hata ng'ombe mumoja. Nitakaa nyuma yako nikutajie, na ukimuruka bibi wa ng'ombe yeyote nitakohoa mbele ya Buffalo yote. Akasema, "Kohoa, Yaya."

Nisalimie shangazi yetu asiyeona, na mwalimu wa shule ya Jumapili, na yule jirani anayeazima jembe lako bila kulirudisha. Muke wako umuambie goti alipake mafuta ya ng'ombe, si dawa za duka.

Na wakikuuliza huko nani aliomba ng'ombe wa Neema, sema Yosia alifungua mudomo. Majina yalikuwa yangu.

Ni mimi mukubwa wako,
Semu