Losalini alivyomzuia baba yake kuchanjwa

Vika, nimetoka kwa kina Losalini hapa mjini Labasa.

Baba yake amefariki. Mafua, Vika! Mafua!

Mwezi wa nne mzee alitaka kwenda kuchanjwa chanjo ya mafua, Losalini akamzuia. "Ya nini, baba? Mwaka jana mimi nilichanjwa na bado nikaugua siku mbili."

Leo, mbele ya waombolezaji wote, akamuuliza muuguzi aliyekuja kutoa pole, "Si chanjo yenyewe haizuii?"

Muuguzi akajibu taratibu, "Haizuii kila mara, dada. Lakini wengi huugua kidogo kama wewe, badala ya kulazwa."

Kidogo kama wewe! Losalini akaketi mkekani. "Ningemwacha tu aende," akasema.

Mama yake akageuka. "Kwani mzee alitaka kwenda?"

Mama hakuwa akijua, Vika.