Uji wa Dagaa

Kaloleni, Voi
Jumatatu, 14 Oktoba 2024
Asubuhi mawingu yalikaa juu ya vilima vya Sagalla, mvua haikushuka, upepo ukatuletea vumbi tu.

Mpendwa Dada Aliya,

Assalaam aleikum. Natumai wewe, Shemeji Badawy na Ayub hamjambo, na kwamba kikohozi cha Ayub kimetulia. Huku twapumua, alhamdulillahi. Maji ya mfereji yamerudi tangu Ijumaa, hata mapazia nimefua.

Sikupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe huanza kulia, nami huishia kukubembeleza. Barua hii ataileta ndugu yetu Sufian, anapanda treni kesho.

Leo nilimpeleka Mama kusafishwa damu kama kawaida. Daktari mpya, Dkt. Mumbe, aliniita kando akaniuliza Mama anakula nini. Nikamjibu kwa fahari: kila asubuhi uji wa unga niliousaga pamoja na dagaa, na gilasi ya maziwa, kwa ajili ya ile mifupa inayomuuma. Shuleni tulifundishwa kwamba kalsiamu hujenga mifupa. Daktari alifungua faili la Mama, akaisoma tena barua ya hospitali ya Nairobi. Kisha akauliza kama dada yangu hakuniambia.

Akanieleza polepole. Shingoni tuna vitezi vinne vidogo kama punje za mchele, viitwavyo parathairoidi, na kazi yao ni kulinda kiasi cha kalsiamu kwenye damu. Figo za Mama hazitoi tena fosfeti, madini ya kwenye chakula, na dagaa na maziwa ndimo ilimojaa. Ikizidi, kalsiamu ya damuni hushuka, na vile vitezi huamrisha mifupa iachie yake. Vikisukumwa hivyo miaka bila kupumzika, hukua. Vya Mama vimekua hadi havisikii dawa, na mifupa inaliwa. Kumbe nilikuwa nikiilisha shida kwa kijiko, nikidhani naitibu.

Na haya yote, Dada, uliambiwa Januari, Mama alipokuja kupimwa kwako Nairobi. Ulipomrudisha, pale stesheni, nilikuuliza daktari kasema nini. Ukanijibu, "Mwache ale anachopenda." Maneno hayo nimeyarudia kutwa. Ukaja tena Idi, ukanikuta barazani nikichekecha unga wa dagaa, ukanisifu.

Mchana nilimuuliza Mama. Akasema yeye ndiye aliyekuapisha usiniambie.

"Ungejua, ungekuwa askari jela," akasema. "Hata maji tayari wanipimia kwa kikombe."

Nikamuuliza kama basi ule uji aliupenda kiasi hicho.

"Mbaya. Wanuka shombo." Akatazama mikono yake. "Lakini ulikuwa ukiuleta ukicheka."

Hapo ndipo nilipoumia. Mama ni mgonjwa, nitamsamehe. Wewe ulikuwa mzima, na uliniona, na ukaniacha. Mlikubaliana kunihurumia, na huruma hiyo ilipita mikononi mwangu ikaingia shingoni mwake.

Daktari ataka vitezi vitolewe kwa upasuaji, Mombasa, Jumanne ya wiki ijayo. Mama amekataa. Asema Aliya alimwambia ni kitu kidogo, kitapungua chenyewe. Neno lako analiamini kuliko langu. Njoo na treni ya Ijumaa, ulitengue mbele yangu. Sitakupokea kwa maneno mabaya. Kitanda nitakutandikia na chakula utakula. Lakini sitamwambia kwa niaba yako.

Unga uliobaki nimewamwagia kuku.

Nisalimie Shemeji Badawy, mbusu Ayub, na Bi Mwanabibi wa ghorofa ya chini mwambie dawa yake ya mgongo nimeipata. Mungu akufikishe salama, akupe na ujasiri wa kusema.

Ndimi nikupendaye, hata kwa uchungu wa leo,
Nasima

Nilikuwa nimeshaikunja barua Mama akaniita, akaomba maji. Nimempimia kwa kikombe kile kile. Amekunywa bila kunitazama. Sasa nalala, saa saba na robo usiku.