Mama Hajapanda

Jumapili, 10 Machi 1996

Nachambua mahindi ya mbegu tangu asubuhi. Yaliyotobolewa na fukusi nimewapa kuku. Shamba limelimwa mara mbili. Mvua imenyesha mara tatu, Lambwe nzima inapanda. Sisi tunatazama. Mume wangu, Baba Achieng, anasema lazima mama yake atie mbegu kwanza, ndipo sisi wake wa wanawe tufuate. Mila yao Waluo. Na Mama yuko Migori kwa wifi yangu Atieno, mguu umevimba, wiki nne sasa. Atarudi lini? Hakuna ajuaye.

Mimi ni Mkuria wa Kegonga. Kwa baba yangu mvua ikinyesha tulishika jembe, basi.

Jumanne, 12 Machi

Mvua tena. Nimemuuliza mume wangu, mzee wa kanisa, anayetuongoza ibada hapa nyumbani kila jioni: mvua inaletwa na Mungu au na mama yake? Akasema nimwache. Anaogopa. Anaogopa tukimtangulia mama yake, atakufa. Nikamwambia basi aende Migori akaombe ruhusa. Hataki. Eti kumuuliza mgonjwa habari ya mbegu ni kumwambia ajiandae kufa. Ebo! Watoto wale nini mwezi wa saba, mila?

Ibada ya jioni nilikaa tu. Sikuimba.

Sabato, 16 Machi

Leo Baba Achieng alisimama mbele kanisani akafundisha juu ya imani. Suti ya bluu, niliyoipiga pasi mimi jana kabla jua halijatua. Akasema mtu wa Mungu haogopi uchawi, wala mizimu, wala laana ya mila. Watu wakaitikia Amina. Mwanamke aliyekaa mbele yangu akageuka, akanitazama. Shamba letu liko kando ya njia ya kanisani, kila mtu analiona lilivyo tupu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Njiani Achieng, ana miaka kumi, akaniuliza baba anaogopa nini. Nikamwambia amuulize mwenyewe. Nilisema kwa sauti ya juu, makusudi.

Jumatatu, 18 Machi

Nimepanda. Peke yangu. Mbegu mbili kila shimo, kuanzia umande mpaka saa tisa. Mgongo hauna nguvu tena. Baba Achieng alisimama kwenye ua wa mikonge, akaniita: "Nyar Kuria, unaniulia mama." Jina langu siku hizi ni hilo, binti wa Wakuria. Nilipiga jembe kama mtu anayeua nyoka.

Huwa naombea mbegu kabla ya kuanza. Leo sikuomba. Nilitaka tu aone.

Alhamisi, 21 Machi

Siku ya tatu hakuna ibada katika nyumba hii. Baba Achieng anakula, anatoka nje. Leo watoto wameomba wenyewe. Nimemsikia Achieng akiwaongoza wadogo zake, anamwomba Mungu nyanya asife kwa sababu ya mama.

Kwa sababu ya mama! Baba yake amemwambia mtoto! Nikaweka sufuria chini. Nikaingia nikamwambia Achieng si kweli, mahindi hayaui mtu. Akaniuliza, kama si kweli, mbona baba anasema, na baba ndiye anayetufundisha Biblia? Nimemchukia mume wangu leo. Naliandika kama lilivyo.

Jumapili, 24 Machi

Mama amerudi. Mzima. Anachechemea na fimbo, wifi Atieno amemshika mkono. Mahindi yamechomoza, aliyaona kabla ya kufika mlangoni. Baba Achieng akaanza kunishtaki hapo hapo uani. Mama akainua mkono, akauliza nani alipanda. Nikasema ni mimi. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, nina aya za kumtosha yeye na mwanawe.

Hakugomba. Alikaa, akanyoosha mguu, akasema kwa Kiswahili ili nisipitwe na neno: "Wiki sita mimi nalala Migori. Wiki mbili hospitali. Wagonjwa wengine walikuwa wanaletewa watu wa kuwaombea. Nyinyi mko hapa, mnapigania mbegu. Nani alikuja kuniombea mimi?"

Baba Achieng akatazama chini. Aya zangu zote zilikuwa za kupinga mila, hakuna hata moja ya mgonjwa. Nauli tulikuwa nayo. Nilimsukuma mume wangu aende akaulize habari ya shamba, na mimi mwenyewe sikuwaza kwenda, hata siku moja. Nyani haoni kundule. Nyani ni mimi.

Hasira ninayo bado. Sijui sasa niielekeze kwa nani.

Jumatatu, 25 Machi

Nimemwosha Mama mguu kwa maji ya chumvi. Kidonda kinakauka. Baba Achieng alileta maji mengine ya moto bila kuombwa.

Jioni mume wangu alisimama kutuongoza ibada, akafungua Biblia, akashindwa kusoma. Mama akaomba yeye. Kwa Dholuo, polepole, Achieng amemwegemea. Aliwaombea wagonjwa wa wodi yake mmoja mmoja kwa majina, kisha mwanamke wa kitanda cha jirani aliyekuwa akimgawia uji. Sisi alitutaja mwisho.