Kilichotoka Kwenye Dohani

Tabassum, uko?

Leo si fundi wetu, Ustad Lateef, alikuja kubomoa meko ya ukutani chumbani kwa marehemu baba, atuwekee bukhari, jiko la chuma la kuni? Kaingiza mkono ndani ya dohani, ile njia ya moshi, akavuta. Likatoka furushi la nguo, jeusi tii kwa masizi.

"Dada, nani aliziba huku?"

Ni ferani yangu, Tabassum! Joho langu la shule. Nilikuwa na miaka minane, upepo ulikuwa ukilia mle ndani nami naogopa, nikapanda kiti nikalisokomeza humo. Nikasahau. Wallahi nilisahau!

Msimu uleule wa baridi, baba alilala na makaa yakiwaka mekoni, asubuhi hakuamka. Wakasema ni moyo.

Fundi akasema hivi hivi tu, huku akijipangusa: "Makaa hayana moshi wa kuonekana. Dohani ikizibwa, hewa yake ya sumu inaua mtu usingizini."

Mama alikuwa mlangoni na birika la chai ya chumvi. Nikamwambia, "Mama, ni mimi."

Hakushtuka. Hakushtuka, Tabassum!

Akanishika kichwa. "Najua, mwanangu. Nilichungulia dohani siku ya mazishi, nikaliona joho lako. Nikaliacha humo humo, watu wasije wakakunyooshea kidole."

Miaka ishirini na mbili amelijua hilo peke yake!

Kisha akamgeukia fundi: "Endelea, Ustad."

Bukhari imeshawaka, wananiita nikaote moto. Mimi niko uani kwenye theluji, miguu inakataa kuingia.