Aliyeulizwa Kwanza

Mwanangu,

Supu iko jikoni. ~~Mwambie mkeo aipashe~~ Ipashe wewe, umpelekee mkeo kitandani.

Yule msaidizi wa uzazi kaja asubuhi, kaniacha mdomo wazi! Nilishamwogesha mtoto akang'aa, nikijua ndiye anayekuja kutazamwa. Akampita! Akakaa kando ya mkeo, akamuuliza, "Mama, wewe umekula?" Mkeo akaangua kilio. Siku tisa tunapokezana mtoto humu ndani, hakuna aliyemuuliza hivyo, hata mimi niliyezaa watano.

Nimekwenda sokoni kumtafutia matunda. Wageni wakija, waambie mama amelala. Mtoto akilia mbebe, havunjiki.

Nilipokuzaa wewe, nami sikuulizwa. Njaa ile nilikuwa nimeisahau mpaka leo.

Mama yako