Antena Mpya ya Mama

Jumatano, baada ya Isha

Mikono bado inanuka kutu ya bomba la antena. Leo nimepanda paani mwenyewe, kazi ambayo siku zote ilikuwa ya marehemu Baba.

Mama yumo edani, mwezi wa pili huu. Tangu mazishi huzungumza kwa kunong'ona tu. Nikasema angalau apate taarifa ya habari. Antena ya ndani niliyonunua juzi haikushika kitu, kuta zetu za mawe ni nene mno. Leo nimeleta ya nje.

Niliielekeza upande wa mnara. Mama alikuwa chumbani mbele ya televisheni, dirisha wazi.

"Vipi, Mama?"

"Imeganda." Nilimsikia kwa shida.

Nikaigeuza kidogo, nikasubiri. Mara akapiga ukelele: "Hapo hapo! Usiiguse tena, Salma!"

Mtaa mzima umemsikia. Nilikaa juu ya mabati nikalia kidogo, kisha nikakaza nati.

Nnaogopa siku nitakayorudi kwangu Jang'ombe, abaki peke yake. Sijui itakuwaje.

Nilipoteremka nilimkuta anabishana na mtangazaji wa hali ya hewa. "Mvua gani, baba, na kanga zangu zimekauka tangu saa nne?"

Nikakaa pembeni yake, sikumkatiza.